Mjomba Atasema

Mwalimu Simeoni alikuwa amestaafu kufundisha, lakini hakuwa amestaafu kusema. Kila alasiri, akishakula na kusinzia kidogo, alichukua kofia yake na kumwambia mkewe Rebeka kwamba anakwenda kunyoosha miguu. Rebeka alijua kuwa miguu ile inanyooka moja kwa moja mpaka kijiwe cha kahawa kilichokuwa mbele ya duka la pembejeo pale Ikungi, kando ya barabara ya Dodoma, kwa hiyo alimjibu tu, "Haya, wasalimie mabepari."

Bepari mwenyewe alikuwa mmoja, na jina lake Abdulazizi. Babu yake alipanda bara kutoka pwani na biashara ya nguo, akaoa Mnyaturu, akazeekea Singida mjini. Abdulazizi alikuwa na duka mjini, malori mawili, na pale Ikungi, ukiuacha mji kidogo, alikuwa na kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Hakikuwa kikubwa. Lakini msimu ulipofika, wakulima walipoanza kushusha magunia, nusu ya vibarua wa Ikungi walikula kwa kiwanda kile.

Wazee hawa wawili walikuwa rika moja, na kwa miaka mingi walikuwa wakibishana jambo lile lile. Simeoni alikuwa amefundisha somo la siasa mpaka lilipoondolewa shuleni, na moyoni mwake halikuondoka. Aliamini kwamba nchi iliwahi kushika njia ya haki ikaiacha, na kwamba mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake ni kupe, hata akiwa na adabu. Abdulazizi aliamini kwamba chungu cha wote hakiangaliwi na mtu.

"Mlitupa shule na zahanati, sikatai," Abdulazizi alisema, akizungusha kikombe mkononi. "Lakini sabuni ilikuwa wapi, Mwalimu? Watu walifua kwa majani ya mti huku wakiimba wamejitegemea."

"Sabuni tulikosa. Lakini hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada."

"Na ushirika wenu? Alizeti ya baba zenu ilioza ghalani, karani akajenga nyumba ya bati."

"Karani mwizi hafanyi ushirika kuwa wizi. Mbona mfanyabiashara akiiba husemi biashara ni wizi?"

Watu walicheka, wengine wakapiga mapaja. Mara nyingine mabishano yalichoma. Abdulazizi alikuwa kijana wakati ule wa msako wa walanguzi, baba yake alipochukuliwa dukani kwake mbele ya wateja kwa ajili ya magunia ya sukari yaliyokutwa stoo. Baba alirudi baada ya miezi, amekonda, na hakuuza tena kitu kwa moyo mmoja. Abdulazizi alipofika hapo sauti ilimshuka, na Simeoni, aliyekuwa na jibu, alinyamaza na kumwagizia kahawa nyingine. Ndivyo walivyoishi. Rebeka alipougua tumbo akahitaji kupasuliwa, gari lililompeleka Dodoma lilikuwa la Abdulazizi, na dereva alikatazwa kupokea hata ya mafuta. Mama yake Abdulazizi alipofariki, Simeoni, Mkristo wa kanisani kabisa, alikaa msibani tangu asubuhi, akashika jembe makaburini kama mtoto wa nyumba ile.

Kijiwe kilikuwa na sheria yake isiyosemwa. Walipigana kwa mawazo, hawakuingiliana majumbani. Simeoni aliweza kuwataja mabepari wa dunia nzima, wa migodini na wa mashamba ya mkonge, asiseme neno juu ya kiwanda kilichokuwa mwendo mfupi kutoka pale walipokaa. Hakuwahi hata kuingia ndani ya geti lake. Hilo lilionekana kuwa ni adabu.

*

Jumapili moja, msimu ukikaribia, Editha alikuja kumwona baada ya ibada. Editha alikuwa mtoto wa Felista, dada yake Simeoni aliyefariki Editha akiwa darasa la tatu. Alilelewa na bibi yake kijijini Mgori, kisha Simeoni akamchukua, akamsomesha mpaka kidato cha nne, akamwoza yeye mwenyewe. Mumewe Stanley alilima Mgori. Editha alikaa Ikungi na watoto kwa ajili ya shule, na kila msimu alifanya kibarua kwa Abdulazizi, akimimina mbegu kwenye mashine na kuzoa mashudu, makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Jumapili jioni alisuka watu nywele. Mikono yake ilikuwa myepesi, na wanawake walimfuata kutoka mbali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona peke yako?"

"Watoto wako kwa shangazi yao." Alikaa kwenye kigoda, akaikunja kanga magotini. Ilionekana ana neno, na Simeoni alimpa nafasi. "Mjomba, ni habari ya kiwandani. Ule mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye mashine ulikuwa na kinga, wavu wa chuma hivi. Msimu uliopita fundi aliuvua akibadilisha mkanda, na hakuurudisha. Tumeanza kusafisha mashine wiki hii, na wavu bado umelala nje, kuku wanatagia."

"Msimamizi mmemwambia?"

"Gasto? Anasema ukirudishwa unachelewesha kazi. Mkanda unateleza, kila mara inabidi ukazwe, na kufungua wavu kila mara hana muda huo. Mwenzetu mmoja, Mosi, msimu uliopita ulimshika kanga. Mungu alimsaidia kanga ilikuwa kuukuu, ikachanika. Ukimsumbua Gasto sana, kesho unafika getini unaambiwa kazi imejaa."

"Hamna mikataba?"

Editha alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anamiliki ndege. "Sisi vibarua, mjomba."

Simeoni alitikisa kichwa. Kifua kilimjaa maneno, akaanza kumweleza habari za vyama vya wafanyakazi, jinsi vilivyozaliwa, na makuli wa bandarini waliogoma tangu enzi za mkoloni. Editha alisikiliza kwa heshima, mikono imetulia juu ya kanga. Mjomba alipomaliza, Editha alisema, "Mwenyewe hatujui kama anajua. Hakai mashineni. Lakini nyinyi mnakaa pamoja kila siku. Tukaona wewe ndiye wa kumwambia."

"Hilo ni dogo," Simeoni alisema. "Nitamwambia."

"Nimewaambia wenzangu, mjomba atasema."

"Nitasema, mama. Nenda kapumzike."

*

Hakusema kesho yake. Siku hiyo kijiwe kilijaa kwa sababu ya mnada, na mada ilikuwa mafuta ya kupikia yanayotoka nje ya nchi na kuua bei ya alizeti. Abdulazizi alikuwa upande wa wakulima, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Simeoni alimwunga mkono. Ulikuwa mchana mzuri. Kumtolea habari ya wavu wa chuma kungekuwa kama kumkaribisha mtu nyumbani kisha kumdai.

Siku nyingine walilifuata gari la Abdulazizi wawili tu, wakitembea pole pole kwa sababu mwenye gari alikuwa na goti bovu. Neno lilifika mdomoni. Simeoni akafikiri: nikimwambia na akakataa, nitaendelea kukaa naye vipi? Na akikubali kwa ajili yangu, basi nitakuwa nimefadhiliwa, na kesho nikisema juu ya haki za wanyonge atanitazama na kutabasamu. Akakumbuka pia gari la Dodoma. Akauliza goti linaendeleaje.

Alipokutana na Editha sokoni, Editha hakuuliza. Alimwamkia tu, akasimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Naitafuta nafasi nzuri," Simeoni alimwambia. "Mambo haya yana wakati wake." Editha akasema, "Ndiyo mjomba."

Kisha ukaja mwaliko wa redio. Redio moja ya mjini Singida ilitaka kipindi cha Mei Mosi, na mtangazaji wao, binti aitwaye Janeth, alikuwa amesikia kwamba Ikungi kuna wazee wawili, mjamaa na bepari, wanaobishana kama mchezo wa mpira. Simeoni alinyoa ndevu. Rebeka alimpigia pasi ile suti aliyoivaa kwenye harusi ya Editha. Abdulazizi alimpitia kwa gari, na njia nzima walicheka kama vijana wanaokwenda disko.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Simeoni alivalishwa vile vya masikioni, akaisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia, nene na yenye hekima, akaipenda. Alisema vizuri siku ile. Hata Abdulazizi alikiri baadaye. Alieleza kwamba mali bila kazi ya mtu ni mawe tu. Kwamba kisu hakijisifu kwa nyama kiliyoikata bila mkono. Abdulazizi akajibu kwamba mkono bila kisu hurarua, na kwamba yeye amewapa kazi watu ambao serikali ya wakulima na wafanyakazi iliwapa nyimbo. Simu ziliingia kutoka Kinampanda, kutoka Manyoni, kila mtu na upande wake.

Mwishoni Janeth akasema, "Mwalimu, leo ni siku ya wafanyakazi, na hapa mbele yako amekaa mwajiri. Kama una jambo moja la kumwambia, lipi?"

Simeoni alimgeukia rafiki yake. Abdulazizi alikuwa amejisogeza mbele, uso umefunguka, anangoja kwa furaha kama mtu anayengoja mpira aupige. Wavu ulikuwa pale kwenye ulimi. Lilikuwa jambo la sentensi moja. Na Simeoni aliona kwamba akilisema, kipindi kitageuka, watu watauliza kiwanda gani, na rafiki yake ataaibika hewani mbele ya mkoa mzima, kisha warudi pamoja kwenye gari lile lile.

"Nitamwambia," alisema, "akumbuke kwamba mfanyakazi si punda wa kuazima. Ni ndugu yake."

Janeth akasema hilo ni neno zito, akaweka muziki.

*

Mwezi wa sita upepo wa Singida ulikuja na baridi yake, ule unaovuma tambarare bila kizuizi na kumfanya kila mtu avae alicho nacho. Kiwandani kazi ilikuwa imepamba moto, magunia yamepangwa mpaka nje ya banda. Editha alivaa sweta la Stanley, lililokuwa na mikono mirefu.

Simeoni alikuwa kijiweni. Alikuwa ameinua kidole, akiwa katikati ya hoja juu ya viwanda vya umma vilivyouzwa kwa bei ya kutupa, simu ya Abdulazizi ilipoita. Abdulazizi alisikiliza, akasema, "Nani?" Akasikiliza tena. Alipomtazama Simeoni, kidole cha Simeoni kilikuwa bado hewani.

"Ni Editha wako," alisema. "Mashine imemshika mkono."

Walikwenda kwa gari la Abdulazizi mpaka hospitali ya mkoa. Abdulazizi aliendesha mwenyewe. Editha alikuwa ametangulia kwa lori la alizeti, akiwa amelazwa juu ya magunia matupu, Mosi amemshika kichwa. Walipofika alikuwa ameshaingizwa ndani. Mosi alikuwa kwenye benchi la korido, mwanamke mfupi wa makamo mwenye unga wa mashudu kwenye nyusi, na damu kifuani ambayo haikuwa yake.

Abdulazizi akaenda kuzungumza na madaktari. Simeoni akakaa karibu na Mosi.

"Shikamoo Mwalimu," Mosi alisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba. Ilikuwaje?"

"Alikuwa anazoa mbegu zilizomwagika chini ya mkanda. Sweta." Mosi alifuta uso kwa kiganja. "Gasto alizima haraka, sisemi uongo. Lakini ulikuwa umeshavuta."

Nesi alipita na kigari.

"Siku ile ya redio," Mosi alisema, akitazama sakafu, "tulimwomba Gasto tusikilize. Tukaweka simu yangu juu ya debe, tukaongeza sauti maana injini inapiga kelele. Tulikuwa wote. Kila ulipomaliza kusema, mtu aliuliza, bado hajalisema? Editha akasema, mjomba anazunguka kwanza, ndivyo wanavyosema wasomi, atafika. Mpaka ukapigwa muziki." Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililomfanya Simeoni ashindwe kuinua uso. "Akatuambia pengine redioni hawaruhusu."

Mkono ulikatwa chini kidogo ya kiwiko. Ulikuwa wa kulia.

*

Siku chache baadaye Simeoni alikwenda nyumbani kwa Abdulazizi mjini. Saada, mke wa Abdulazizi, alimkaribisha sebuleni, akamletea chai na vitumbua, akampa pole, akawaacha. Abdulazizi alikuwa na kanzu ya nyumbani, hajachana ndevu. Alieleza kwamba gharama zote za hospitali ni zake, kwamba amemfukuza Gasto, kwamba usingizi umempotea. Alisema fundi alimhakikishia mashine ziko sawa.

"Kulikuwa na wavu," Simeoni alisema. "Uliondolewa msimu uliopita."

"Nimeuona juzi. Upo nyuma ya banda. Kuku wametagia." Abdulazizi alipitisha mkono usoni. "Naapa, Mwalimu, sikujua. Mimi naingia pale ofisini, natazama mafuta, naondoka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia."

Simeoni aliiweka chai mezani. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua, ila Editha na Mosi na kiwanda kizima.

"Mimi niliambiwa nikwambie."

"Na nani?"

"Na Editha mwenyewe. Kabla ya Mei Mosi."

Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukikwaruza saruji.

"Tulipanda gari moja siku ile," alisema.

"Tulipanda."

"Tukacheka."

"Tulicheka."

"Ungeniambia..." Abdulazizi alianza, kisha akaacha. Alipoendelea sauti yake ilikuwa imeshuka, kama anapozungumza habari za baba yake. "Nisikudanganye. Sijui ningefanya nini. Labda ningesema, hilo tutalitazama msimu ukiisha. Ndivyo ninavyosema nikiambiwa mambo. Labda ningesema hivyo, na mkono ungekatika vile vile, na leo ungekuwa unanilaani kwa haki. Lakini ungekuwa umeniambia, Simeoni. Miaka yote hii umeniita kupe mbele ya watu. Siku moja iliyokuwa na maana ukanistahi."

Alimwita kwa jina, bila Mwalimu. Simeoni alitaka kusema kwamba kumstahi haikuwa sababu peke yake, kwamba aliipenda ile sauti yake masikioni, na ile alasiri ya kahawa, na kuwa mtu ambaye matajiri wanambishia. Badala yake alisimama. Akaaga, na Abdulazizi akamsindikiza mpaka mlangoni, si mpaka getini kama kawaida.

*

Vibarua hawakuwa wameandikishwa kwenye mfuko wa fidia, wala mahali popote. Simeoni alipolisikia hilo akapata nguvu mpya, nguvu za mtu anayekimbia kutoka mahali. Akasema kesi iende ofisi ya kazi, iende mahakamani, iwe mfano kwa nchi nzima. Alikuja na hoja hizo kwa Editha, aliyekuwa ametoka hospitali na kukaa nyumbani kwake, mkono umefungwa kitambaa cheupe, Stanley amekuja kutoka Mgori na kukaa mlangoni kama mgeni.

"Mjomba," Editha alisema, "hayo yatachukua muda gani?"

"Haki haina haraka."

"Watoto wanayo."

Basi wakakaa kikao. Abdulazizi alikuja na mdogo wake; upande wa Editha alikaa Simeoni, kwa kuwa ndiye mzee wa ukoo, na Stanley. Abdulazizi alisema kwa unyenyekevu kile alichokuwa tayari kutoa, na hakikuwa kidogo. Alisema pia Editha atapata kazi ya kudumu kwenye kibanda cha kuuza mashudu, kazi ya kukaa, na kwamba msaada huu ni kutoka moyoni.

"Si msaada," Simeoni alisema.

Wote wakamgeukia.

"Iandikwe fidia. Msaada anatoa mwenye huruma, akitaka. Fidia ni haki ya mtu. Tukikubali neno msaada, tumekubali kwamba..."

"Mwalimu, mimi neno halinisumbui," Abdulazizi alisema kwa uchovu. "Liandikwe unavyotaka."

"Linapaswa kukusumbua. Ndiyo shida yenyewe, kwamba halikusumbui. Tofauti ya mifumo hii miwili yote iko hapo, kwamba..."

"Mjomba."

Editha hakuwa amepaza sauti. Alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Mjomba, naumwa. Waache waandike, nikalale."

Liliandikwa neno fidia, kwa kuwa Abdulazizi alisisitiza liandikwe, na Stanley akatia sahihi, kisha Editha akatia dole gumba la kushoto. Mwanamke aliyesoma mpaka kidato cha nne, aliyekuwa na mwandiko uliosifiwa shuleni, akatia dole gumba. Alilitazama lile doa la wino kwa muda, kisha akakipangusa kidole kwenye kanga.

*

Simeoni aliacha kwenda kijiweni. Mwanzoni watu walimpitia, wakidhani anaumwa. Abdulazizi hakumpitia. Walikutana msibani na harusini, wakasalimiana kwa mkono, wakaulizana afya za wake zao. Rebeka alipomwona mumewe amekaa barazani kila alasiri, amevaa kofia na haendi mahali, alimwachia chai na kuendelea na kazi zake. Siku moja tu, akichambua mchicha, alisema, "Ungeniambia mimi ningekwenda kumwambia. Mimi sina hadhi ya kupoteza." Akaendelea kuchambua.

Barabara ya kwenda kiwandani ilipita mbele ya nyumba yao. Msimu uliofuata vibarua walipoanza kupita tena asubuhi, Simeoni alikuwa barazani. Walimwamkia wote, kwa heshima ile ile. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Mambo ya huko?" "Tunamshukuru Mungu, Mwalimu." Na miguu ilikuwa tayari imeshampita. Alijipanga moyoni kwamba safari hii mtu yeyote akimletea jambo, hata dogo, hata la ndoo ya maji ya kunywa, atakwenda siku hiyo hiyo, atapita getini, atasema. Aliandaa na namna ya kusema. Hakuna aliyeleta.

Habari aliipata kanisani, baada ya kila mtu kujua. Fundi mpya naye alikuwa ameacha mkanda wazi, akisema ni wa siku mbili tu. Asubuhi moja vibarua walifika, wakauona, wakakaa chini nje ya banda. Wote, wanaume kwa wanawake, waliopakia na waliozoa. Hawakuimba, hawakubeba mabango. Editha alitoka kwenye kibanda chake cha mashudu, akafunga mlango, akaja kukaa mbele yao. Abdulazizi aliitwa kutoka mjini. Kabla ya adhuhuri mashine zote zilikuwa na wavu, na ilipofika mwisho wa mwezi vibarua wakaanza kuandikishwa, kwa majina yao kamili, kwenye mfuko wa fidia.

Jioni ya Jumapili aliyoisikia habari hiyo, Simeoni alikwenda kwa Editha. Alimkuta uani anatwanga karanga, kinu amekibana kwa magoti, mchi katika mkono wa kushoto. Alikuwa amejifunza. Haikuwa haraka, lakini karanga zilikuwa zikivunjika.

"Shikamoo mjomba. Karibu, kiti hicho."

"Marahaba mama." Alikaa. Alitazama mchi ukipanda na kushuka. "Nimesikia mliyofanya. Nimefurahi sana." Alisubiri kidogo. "Mbona hamkuniita?"

Editha alitwanga mara kadhaa kabla ya kujibu, na alipojibu ilikuwa kwa upole, kama mtu anayemfunika mzee aliyelala.

"Tulikuwa na haraka, mjomba."

Simeoni alikubali kwa kichwa. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watoto kwamba siku moja wafanyakazi watakaa chini pamoja, na akaeleza itakavyokuwa, ubaoni, kwa chaki. Alitaka kujua ilivyokuwa.

"Alipokuja, mlimwambia nini?"

"Tulimwambia afunike mkanda."

"Halafu?"

"Halafu akafunika."

Alingoja kama kuna zaidi. Editha alikung'uta karanga kwenye bakuli, akachota nyingine, akakibana kinu upya. Kinu kiliyumba. Simeoni aliinuka kwenye kiti, magoti yakilia, akapiga magoti kwenye vumbi la ua na kukishika kwa mikono miwili, na Editha akaendelea kutwanga mpaka giza likaanza kuingia na watoto wakarudi kutoka kisimani.